Aya ya Saba

Kila mwaka, wiki moja kabla ya sikukuu ya uhuru, hotuba ya Mkuu wa Wilaya ilishuka kwenye meza ya Bi Taipu ikiwa ileile ya mwaka uliopita, na juu yake kikaratasi cha njano chenye mwandiko wa Katibu: "Badilisha miaka tu." Safari hii ilikuwa hamsini na saba iwe hamsini na nane. Kazi ya dakika tano, tena ukihesabu na muda wa kuiamsha kompyuta, ambayo asubuhi iliamka kwa manung'uniko kama mgonjwa anayelazimishwa kuoga.

Jina la Bi Taipu alilipata enzi za taipureta, alipoajiriwa kuwa mchapaji wa ofisi ya wilaya akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, likamganda hata baada ya taipureta zenyewe kutupwa stoo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, miwani miwili, na sifa ya kuwa mkali. Hakuwa mkorofi. Alikuwa tu mtu asiyeweza kuvumilia kazi ya ovyo. Nukta ikikaa pasipo pake hakupata usingizi, na barua ikirudi kwa kosa la herufi moja aliichapa yote upya huku akisonya. Kwa miaka ishirini na moja alijisifu waziwazi, mbele ya yeyote aliyekubali kusikiliza na wengi ambao hawakukubali, kwamba hakuna karatasi iliyopata kutoka mezani kwake na kosa.

Hotuba hiyo aliijua kwa moyo. Aya ya kwanza salamu. Aya ya pili wajibu: "Uhuru haukai kwenye bendera, unakaa mikononi mwa kila raia anayetimiza wajibu wake pale alipo." Sentensi hiyo aliipenda kweli, na kila alipoichapa alikaa wima kidogo. Halafu yalifuata mashujaa, kilimo, vijana, amani. Na aya ya saba, iliyosubiriwa na wote: "Serikali yenu iko mbioni kujenga daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu, mbele ya shule ya msingi, ili watoto wetu wavuke salama." Hapo ndipo watu hupiga makofi hadi viti vikatikisika. Serikali ilikuwa mbioni miaka ishirini na moja, na Bi Taipu hajawahi kuona mbio za namna hiyo, za mtu kukimbia asifike hata kwenye kona.

Miaka mingine angesonya na kuendelea. Mwaka huu aya ile ilimkaa kooni, na sababu ilikuwa Maswali.

Maswali alikuwa binti wa mdogo wake, mwenye miaka minane, na jina hilo alipewa na mtaa mzima kwa kuwa hakuna mtu aliyeweza kupita bila kuulizwa jambo. Mwezi wa nne, akitoka shule, pikapu ilimgonga palepale mbele ya lango. Dereva hakusimama. Mtoto alilala wodini wiki tisa, akatiwa chuma mguuni, na sasa alitembea mguu mmoja ukiwa umekakamaa kama wa kiti. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alimfungia ndani miezi yote hiyo. Shule iliyokuwa upande wao wa barabara ilikuwa imejaa hadi watoto wanakaa madirishani, kwa hiyo shule ni ileile ya ng'ambo. Sikukuu ilikuwa Alhamisi. Jumatatu yake shule zinafunguliwa, na Maswali anarudi.

"Wala sina wasiwasi," mdogo wake alikuwa akisema kila wakionana. "Si daraja linaanza mwaka huu, Dada? Wewe si ndiye unayechapa?"

Bi Taipu alikuwa akiitikia "mh" na kubadili mazungumzo. Lakini sasa hotuba ilikuwa mbele yake, na alitaka kitu kimoja tu: tarehe. Ujenzi unaanza lini. Aiandike kwenye aya ya saba, ili mdogo wake asikie tarehe badala ya mbio. Akachukua daftari, akatoka.

Alianza kwa Mhandisi wa Barabara, aliyekuwa ameketi katikati ya michoro iliyokunjwa, akichokoa meno.

"Daraja la shule?" alisema Mhandisi. "Hilo liko asilimia arobaini."

"Arobaini ya nini? Nimepita pale leo asubuhi. Hakuna hata tofali."

"Ya mchakato, Bi Taipu. Wewe unatazama tofali, sisi tunatazama mchakato."

"Na mchakato unavushia watoto upande gani?"

Mhandisi alicheka kwa adabu. "Nenda Mipango. Faili liko kwao."

Mipango alikuwepo kijana mmoja mwenye simu tatu, zote zimelala kifudifudi mezani. Naye alikuwa akisubiri michoro kutoka kwa Mhandisi. Bi Taipu alimuuliza hiyo asilimia arobaini waliipata wapi.

"Kwenye ripoti ya mwaka jana ilikuwa thelathini na tano," alijibu kijana. "Tumeongeza tano."

"Na hiyo thelathini na tano?"

"Tuliongeza kutoka thelathini."

"Na thelathini, baba, ilitoka wapi?"

"Kwenye hotuba." Alimtazama kwa mshangao, kama vile yeye ndiye angepaswa kujua. "Hotuba inasema serikali iko mbioni. Sasa mtu aliye mbioni huwezi kumwandikia sifuri. Tukaona thelathini ni haki."

Alisema bila haya na bila ubaya, akampa na kiti. Bi Taipu hakukaa. Damu ilikuwa imeanza kumchemka, na alijijua: akikaa atasema neno ambalo baadaye atalazimika kuliombea radhi. Akashuka masjala.

Masjala ilikuwa chumba kisicho na dirisha chini ya ngazi, na mwenyewe aliitwa Kaka Masjala, mtu wa kikohozi kikavu aliyeweza kukutolea karatasi ya miaka thelathini iliyopita huku akiendelea kunywa chai. Alipita kwenye rafu mara mbili. Daraja la mtoni lilikuwepo. Daraja la sokoni lilikuwepo, faili mbili nene. La shule hakuna.

"Labda limepotea," alisema Bi Taipu.

"Kwangu karatasi hazipotei, dada yangu. Zinaibwa, au hazikuzaliwa." Alikohoa. "Tuanze na hotuba zenyewe. Ya kwanza kulitaja itatuambia lilianzia wapi."

Akashusha boksi. Wakaanza kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka aya ya saba ilikuwa palepale, serikali iko mbioni. Walirudi hadi karatasi zikawa za njano na herufi zikawa za taipureta. Wakafika mwaka wa ishirini na moja kurudi nyuma. Kabla ya huo, daraja halikutajwa popote.

Nyuma ya hotuba ya mwaka huo zilikuwa zimebanwa karatasi nyingine, hotuba ya wilaya jirani, iliyoombwa kama kielelezo. Bi Taipu aliitambua kabla hajaisoma. Kila mahali palipokuwa na jina la wilaya jirani pamekatwa kwa penseli, na juu yake limeandikwa jina la wilaya yao, kwa mwandiko wa msichana mwenye bidii. Ulikuwa mwandiko wake. Na pembeni ya aya ya saba, kwa wino mwekundu, mwandiko wa Katibu wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu: "Aya hii iondolewe. Ni mambo yao, haituhusu."

Wiki yake ya kwanza kazini. Ilimrudia yote. Alipewa kielelezo alasiri, umeme unakatika na kurudi, akabadilisha jina la wilaya mahali kumi na moja na kuhesabu mara mbili asiache hata moja. Karatasi ilikuwa imebanwa kwenye kishikizo cha chuma upande wa kushoto, palepale kwenye wino mwekundu. Hakuuona. Mkuu wa siku hizo akaisoma kama ilivyo, watu wakapiga makofi, na baada ya makofi hayo hakuna aliyethubutu kuuliza. Wilaya jirani daraja lao walishalijenga zamani. Yeye mwenyewe amepita chini yake mara nyingi akienda harusini.

Aliketi juu ya boksi la faili, kitu ambacho Kaka Masjala hakumruhusu mtu yeyote kukifanya. Kaka Masjala naye alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kumbe hili daraja ni lako," alisema.

Bi Taipu alikuwa anaona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, ile ya kushikwa mbele ya darasa zima, isipokuwa hapa hapakuwa na darasa, palikuwa na wilaya.

Hakungoja kesho. Alipanda moja kwa moja kwa Katibu, akamwekea karatasi zote mbili mezani na kumweleza mwanzo hadi mwisho bila kujitetea. Katibu alikuwa anakula chungwa. Alisikiliza, akatazama wino mwekundu, kisha akacheka, akacheka hadi akatafuta leso.

"Kwa hiyo unaniambia daraja hakuna."

"Halijawahi kuwapo, Katibu. Nilikosea mimi. Naomba tuliondoe, na Mkuu awaambie watu ukweli."

Kicheko kiliisha. "Nani mwingine anajua?"

"Masjala."

"Mwambie afunge mdomo. Bi Taipu, sikiliza. Ukiliondoa leo, kesho watu watasema serikali imewanyang'anya daraja."

"Daraja ambalo hawana?"

"Wana matumaini nayo hiyo aya. Wewe unataka kuwabomolea matumaini yao siku ya sikukuu?"

"Mtoto wa mdogo wangu aligongwa pale."

"Na nilikupa pole. Nilichangia na kadi." Katibu alitoa mbegu ya chungwa mdomoni akaiweka kwenye kisahani. "Lakini hotuba haikumgonga."

Bi Taipu alisimama akimtazama. Kisha akazikusanya karatasi zake mbili kutoka mezani.

"Badilisha miaka tu," alisema Katibu kwa upole, akarudi kwenye chungwa.

Akarudi mezani kwake. Akabadilisha miaka. Kisha akaenda kwenye aya ya saba, akaifuta yote, na aya ya nane, inayohusu maji, ikapanda kuchukua nafasi yake. Akachapa kwenye karatasi nzito, akaitia kwenye jalada lenye utepe, akaipeleka. Lilikuwa agizo la kwanza la ofisi kulivunja kwa makusudi.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Uwanja ulio mbele ya ofisi ulikuwa umefungwa mahema mawili, moja la wageni lenye viti vya vitambaa, jingine la wananchi lenye viti vya plastiki na nusu yao wamesimama. Bendera mpya, wanafunzi wenye soksi nyeupe, bendi inayojaribu tarumbeta. Wafanyakazi wa ofisi walikaa safu ya tatu. Katika hema la wananchi, mbele kabisa, Bi Taipu alimwona mdogo wake amempakata Maswali, mguu wa mtoto umenyooka mbele kama fimbo ya kupimia.

Mkuu alianza kusoma. Alikuwa na sauti nzuri, hilo lazima asifiwe. Wajibu wa raia ulisikika vizuri hadi barabarani. Mashujaa, kilimo, vijana, amani. Bi Taipu alihesabu kwa vidole ndani ya mkoba. Aya ya sita ikaisha.

"Na sasa, ndugu zangu, kuhusu huduma ya maji..."

Kwenye hema la wananchi mikono ilikuwa tayari imeinuka kupiga makofi. Ikabaki hewani. Ukapita mnong'ono, watu wakatazamana, na Mkuu akasita kwa kuwa naye alihisi amekanyaga ngazi ambayo haipo. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka mbele:

"Na daraja je, Mheshimiwa?"

Bi Taipu aliijua sauti hiyo kabla hajageuka. Mdogo wake alikuwa amesimama na mtoto begani.

Mkuu alimtazama Katibu. Katibu akamtazama Bi Taipu, kwa muda mfupi tu, bila hasira, kama mtu anayeweka jambo akiba. Mkuu akafunga jalada taratibu, akatabasamu.

"Dada yangu ameniwahi," alisema. "Hilo sikutaka kulisoma kwenye karatasi. Nilitaka kulisema kwa kinywa changu." Na akalisema lote, neno kwa neno, serikali yenu iko mbioni, juu ya barabara kuu, ili watoto wetu wavuke salama. Alikuwa amelisoma miaka minne, lilikuwa limemkaa kichwani. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanashangilia na jua linawaka na bendera inapepea, akaongeza la kwake: "Na nawahakikishia, tumefikia asilimia hamsini!"

Makofi ya namna hiyo yalikuwa hayajapata kusikika. Mdogo wake alipiga akiwa ameinua mikono juu ya kichwa. Maswali naye alipiga, kwa kuwa mama yake anapiga.

Bi Taipu angeweza kusimama. Aliwaza hivyo, na zaidi ya kuwaza, alijiinua nusu kutoka kitini, na maneno alikuwa nayo: hakuna daraja, ni mimi niliyelichapa. Bendi ikaanza kupiga. Jirani yake, aliyedhani anataka kutoka, akasogeza magoti ampishe. Akakaa. Aliwachukia wote waliokuwa jukwaani, lakini aliyemchukia kuliko wote alikuwa yule aliyekaa chini.

Alasiri alikwenda kwa mdogo wake. Nyumba ilikuwa chumba na sebule, na sebule yenyewe ni cherehani, meza ya kukatia na sare za shule za watoto wa watu zikining'inia ukutani zikisubiri vifungo. Mdogo wake alikuwa anapinda sketi ya Maswali, uso unang'aa.

"Umesikia, Dada? Hamsini! Nusu nzima. Nilijua wamesahau tu, ndiyo maana nikasimama. Moyo ulinienda mbio, lakini nikasema leo ni siku yetu, mtu ana haki ya kuuliza."

"Ulifanya vizuri kuuliza."

"Sasa mbona umenuna?"

Bi Taipu alivuta kigoda. "Hakuna daraja," alisema.

"Najua bado hakuna. Ndiyo wanajenga."

"Hawajengi. Halijapangwa, halina faili, halina mchoro. Niliingiza ile aya kwa makosa wiki yangu ya kwanza kazini. Ilikuwa ya wilaya jirani. Niliambiwa niifute, sikuona."

Mguu wa mdogo wake ulisimama kwenye pedali. "Rudia."

Akarudia, polepole, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa kuwa hapakuwa na haraka ya kujifichia. Mdogo wake alisikiliza akiwa ameshika kitambaa chini ya sindano.

"Miaka yote hii," alisema hatimaye. "Nilikuwa nadhani nampigia makofi Mkuu. Kumbe nakupigia wewe."

"Mdogo wangu, mimi leo ningesimama..."

"Hukusimama."

Mdogo wake aliinuka, akafungua kabati, akatoa bahasha iliyokunjika pembe. Miaka mitatu nyuma, alisema, wazazi wa mtaa ule walikusanya sahihi, mia mbili na kitu, wakaomba matuta. Si daraja. Matuta mawili tu ya kupunguza mwendo wa magari, kazi ya siku moja. Hili ndilo jibu. Akamkabidhi.

Barua ilikuwa fupi na haikuwa na kosa hata moja. Ombi la matuta halikukubaliwa, kwa kuwa eneo husika limo kwenye mradi wa daraja la waenda kwa miguu, na kujenga matuta kwa sasa ni kurudia kazi. Sahihi ya Katibu. Chini kabisa, kushoto, baada ya herufi za jina la Katibu, zilikuwepo herufi mbili ndogo, ambazo kila mchapaji huziweka ili ijulikane nani alichapa.

"Hizo za nani?" aliuliza mdogo wake.

"Zangu."

Siku hiyo pengine alichapa barua thelathini. Alijaribu kuikumbuka hii na hakuikumbuka, na hilo ndilo lililomvunja. Aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akauficha uso wake nayo, akalia kwa hasira, bila sauti. Mdogo wake hakumbembeleza. Alirudi kwenye cherehani lakini hakushona.

Maswali alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Mama Mkubwa," alisema, "kwa hiyo Jumatatu nitapita wapi?"

Mama yake alimtazama dada yake, na hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

"Utapita na mimi," alisema Bi Taipu.

Jumatatu saa moja na robo asubuhi alikuwa barabarani. Hakuwa na filimbi wala koti la kung'aa. Alikuwa na mkono. Alishuka kutoka ukingoni, akaunyoosha mbele ya lori la mchanga, na lori lilisimama kwa kelele iliyomfanya aone nyota. Maswali akavuka. Nyuma yake wakavuka wengine kumi, ambao Bi Taipu hakuwa amewahesabu. Kesho yake walikuwa thelathini, wamepangana wenyewe. Madereva walimtukana kwa lugha zote. Mmoja alichungulia dirishani akamuuliza ametumwa na nani. "Nimejituma," alijibu, na akaona jibu hilo linampunguzia hasira kidogo, ingawa halikupunguza mwendo wa magari.

Kengele ya shule ilikuwa saa mbili, na ofisi nayo ilifunguliwa saa mbili. Hapakuwa na namna. Kila siku alifika kazini saa mbili na nusu, vumbi hadi magotini. Alikwenda kwa Mhandisi kuomba matuta, akaambiwa eneo hilo liko asilimia hamsini. Alikwenda Mipango, akaambiwa huwezi kuweka matuta chini ya daraja. Alizungushwa kama pia ya mtoto kwa wiki mbili, na mahali pote alipozungushwa alikutana na sentensi yake mwenyewe imemtangulia na kukaa kitini.

Ijumaa ya wiki ya pili, kati ya barua za kuchapwa, alikuta rasimu yenye mwandiko wa Katibu na kikaratasi cha njano: "Ichape leo." Ilikuwa barua ya onyo, na anayeonywa ni yeye. "Umekuwa ukichelewa kazini mfululizo bila sababu ya msingi." Hakuna aliyeona ajabu kumpa mtu achape onyo lake mwenyewe. Barua zote huchapwa na Bi Taipu.

Aliichapa. Kichwa cha habari, kumbukumbu, tarehe, kila kitu mahali pake. Ila alipofika kwenye "bila sababu ya msingi" alisimamisha vidole, akavua miwani, akaivaa tena, na akaandika hivi: "kwa sababu huvusha watoto wa shule ya msingi kwenye barabara kuu, mahali ambapo hakuna daraja, halijapata kupangwa daraja, na ambapo ombi la wananchi la matuta mawili lilikataliwa kwa makosa ya ofisi hii." Akatia herufi zake mbili chini. Akaweka barua kwenye jalada la sahihi pamoja na nyingine, likizo za watu na maombi ya wino, wala hakuificha katikati. Ilikuwa ya juu kabisa.

Jalada lilirudi kabla ya mchana. Barua ilikuwa imesainiwa na kugongwa mhuri.

Alitarajia kufurahi, hakufurahi. Aliikodolea macho sahihi ile, yenye mkia mrefu wa kujiamini, na hasira zikampanda upya toka miguuni. Ilikuwa rahisi kiasi hiki. Uongo uliingia bila kusomwa, na ukweli nao umeingia bila kusomwa, na miaka ishirini na moja hapakuwa na mtu mlangoni, hata yeye hakuwepo.

Alishuka masjala na nakala tatu.

"Hii ya faili lako," alisema Kaka Masjala, akisoma. Akasoma tena kwa kidole. "Ina sahihi."

"Na mhuri. Moja weka kwenye faili langu. Moja ipeleke kwa Mhandisi kwa kitabu, asaini kupokea. Ya tatu ifungulie faili jipya."

"Liitweje?"

"Matuta ya Shule."

Kaka Masjala alitafuta jalada jipya, akapuliza vumbi, akaandika jina na namba kwa kalamu nene. Lilikuwa na karatasi moja tu ndani.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili kasorobo, Bi Taipu alikuwa katikati ya barabara na mkono umenyooka. Watoto walikuwa wanavuka nyuma yake. Gari la mbele kwenye msururu lilikuwa la ofisi. Kioo kikashuka.

"Bi Taipu," alisema Katibu. "Barua yangu umeipata?"

"Nimeipata, Katibu. Na wewe uisome."

Katibu alifungua mdomo, kisha akatazama saa yake, kisha akatazama watoto. Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi. Bi Taipu hakuushusha mkono. Maswali alikuwa wa mwisho, na kwa mguu wake ule alichukua muda mrefu kufika ng'ambo.